Gauti ya Baba: namna ya kuishusha asidi ya yuriki na kuikalisha chini

Saa nane usiku Baba aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipoingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani, mguu wa kulia ameunyoosha, macho yamemtoka. "Litoe hili shuka, mwanangu, linaniumiza." Shuka lenyewe la pamba, jepesi, limefuliwa mpaka limekuwa kama leso. Nikaliinua polepole. Upindo wake ulipopita juu ya kidole gumba, Baba akang'ata meno. Kidole kilikuwa kimefura pale shinani, ngozi imevutika inang'aa kama imepakwa mafuta, na joto lake nililihisi kabla sijakigusa. Wekundu ule unaoandikwa vitabuni sikuuona. Kwa ngozi zetu nyeusi unajitokeza kama wingu la zambarau tu, kwa hiyo ukisubiri kuona wekundu ndipo uamini, utakosa. Tazama mng'ao, pima joto kwa kiganja ukilinganisha na mguu wa pili, na sikiliza mgonjwa anavyosema kuhusu shuka.

Hiyo ilikuwa Muheza, miaka sita iliyopita. Mimi nafanya kazi ya maabara hospitalini, hapahapa mkoani Tanga. Baba ni dereva mstaafu wa lori, njia yake ilikuwa Tanga hadi Arusha na Dar es Salaam, na pombe hajaionja maishani mwake. Kabla ya adhana ya alfajiri jirani alikwishasema mzee katupiwa kipapai. Shangazi alikwishachemsha maji ya chumvi ya kumkanda. Kaka yangu kwa simu kutoka Dar akasema, "Hiyo gauti, aache maharage." Kaka ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote, ila ushauri wake na wa wengine waliofuata ulimlia Baba miaka minne. Nayaandika haya ili mzazi wako asipoteze miaka hiyo.

Ugonjwa upo kwetu, na ulikuwepo

Gauti, ambayo wazee na makamusi huiita jongo, imesemwa sana kuwa ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri. Vitabu vya tiba vya zamani viliandika kwamba Mwafrika haupati, au huupata kwa nadra. Watu wakasoma hivyo, wakahitimu hivyo, na mgonjwa mwenye kidole kilichofura akapewa jina la baridi yabisi akarudishwa nyumbani bila kipimo. Kitu kisichopimwa hakihesabiwi.

Walipopima, walikuta mengine. Shelisheli, majirani zetu wa bahari hiihii, walipima damu za watu wazima mwaka 1989, na wanaume zaidi ya mmoja kati ya watatu walikutwa asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti, iko juu. Kwa wanawake ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Hao ni watu wa visiwa vya joto, wala samaki na wali kama sisi. Afrika Kusini miaka ya 1970 walilinganisha Waafrika wa mjini na wa vijijini, wakaona wa mjini wako juu zaidi. Huko Pasifiki habari ni nzito kuliko zote: watu wa visiwa vile wamezaliwa na vinasaba vinavyozuia figo na utumbo kuitoa asidi hii vizuri, na wale wa Tokelau waliohamia New Zealand walipofuatiliwa kwa miaka, gauti iliwashika mara nyingi zaidi kuliko ndugu zao waliobaki kisiwani. Damu ileile, sahani tofauti. Dunia nzima mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wa gauti milioni 55.8, na makadirio ya 2050 yanakaribia milioni 96.

Kwa hiyo jua letu halimkingi mtu. Tena joto lina mchango wake: mtu anayetoka jasho kutwa na kunywa maji kidogo, figo zake zinabana mkojo, na asidi inabaki. Baba aliendesha lori miaka ishirini na tisa akijinyima maji ili asisimame njiani. Mchana chupa mbili tatu za soda baridi, jioni supu ya kongoro Segera au Korogwe. Hakuwa tajiri siku hata moja.

Asidi hii ni kitu gani

Fanya hivi jikoni. Chukua glasi ya maji, tia kijiko cha chumvi, koroga. Imeyeyuka. Ongeza kingine, koroga. Ongeza tena. Itafika mahali chumvi haiyeyuki, inatulia chini ya glasi chengachenga. Maji yameshiba. Damu nayo hushiba asidi ya yuriki hivyohivyo. Kikomo chake ni kama miligramu 6.8 kwa desilita. Ikizidi hapo kwa miaka, asidi inaanza kujenga chembe zenye ncha kama sindano ndani ya viungo.

Kwa nini kidole gumba cha mguu? Kwa sababu kiko mbali na moyo na kina baridi kuliko mwili mwingine. Mtu wa Tanga ataelewa haraka: mafuta ya nazi yanayomiminika hapa mjini, ukiyapeleka Lushoto mwezi wa saba yanaganda kwenye chupa. Baridi huigandisha na asidi hii. Ndiyo maana gauti hupenda kuamka usiku.

Asidi yenyewe hutoka kwenye purini, vitu vilivyomo ndani ya kila chembe hai, na sehemu kubwa ya purini hizo ni za mwili wako mwenyewe, chembe zinazokufa na kuzaliwa upya kila siku. Chakula kinaongeza sehemu ndogo. Theluthi mbili hivi za asidi hutolewa na figo, theluthi iliyobaki hutoka kwa njia ya utumbo. Wengi wenye gauti tatizo lao ni kutoa kidogo kuliko kuingiza kingi. Shika neno hilo, litakusaidia tukifika kwenye maharage. Mwenye selimundu naye asidi yake huweza kupanda kwa sababu chembe zake nyekundu zinavunjika upesi.

Usiku imeamka: ufanye nini

Kwanza hakikisha si usaha. Mgonjwa akiwa na homa kali na kutetemeka, au ana kidonda karibu na kiungo, au ana kisukari, au ni mara yake ya kwanza kabisa na kiungo ni goti, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kiungo chenye usaha kinafanana sana na cha gauti, na kinaharibika kwa siku chache tu. Hospitali yenye uwezo watavuta maji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwenye hadubini. Ndicho kipimo cha uhakika kuliko vyote, kuliko hata damu.

Kama mtu anajulikana kuwa na gauti na hii ni ileile, mlaze, pandisha mguu juu ya mto, ondoa shuka. Weka kiti au kikapu pembeni mwa mguu, shuka lipite juu yake lisimguse. Chukua barafu, izungushie kanga, iweke juu ya kiungo dakika kumi na tano hadi ishirini, pumzisha, rudia. Shangazi aliniona nimeweka barafu akashika kichwa, maana kwetu uvimbe hukandwa kwa maji ya moto. Nikamwambia, Shangazi, shikamoo yako naiheshimu, lakini tazama uso wa kaka yako. Baba alikuwa amelegeza taya kwa mara ya kwanza tangu usiku. Usikande kwa moto, usichue, wala usiruhusu mtu achanje chale.

Dawa za kutuliza ziko za aina tatu, na inayofanya kazi vizuri ni ile iliyomezwa mapema, ndani ya siku ya kwanza. Ya kwanza ni familia ya ibuprofeni, diklofenaki na indometasini. Zinasaidia, lakini mwenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo, moyo au presha isiyotulia zinaweza kumdhuru. Ya pili ni kolchisini. Zamani ilimezwa kila saa mpaka mtu aharishe. Siku hizi ni miligramu 1, kisha nusu miligramu baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Usiongeze hata kama maumivu hayajaisha, maana kolchisini iliyozidi huua, na inagombana na baadhi ya viuavijasumu na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwambie mfamasia dawa zote unazotumia kabla hajakupa. Ya tatu ni prednisoloni kwa siku chache, ambayo hupandisha sukari. Ipi ni ya mzazi wako, aamue tabibu anayejua figo zake.

Hapa nina uchungu wangu. Baba kwa miaka minne kila gauti ilipoamka alipelekwa zahanati akachomwa sindano ya diklofenaki. Ilimtuliza, akashukuru, akarudi nyumbani. Hakuna aliyempima figo. Siku nilipompima mimi, kreatinini yake, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa imeshapanda. Nilikaa na ile karatasi mkononi nikijiuliza mimi mtu wa maabara nilikuwa wapi. Kwa hiyo nakuomba: kabla ya sindano ya pili, dai kipimo cha figo.

Hata bila dawa yoyote, shambulio hupoa lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Hapo ndipo penye mtego. Maumivu yanaondoka, chembe za asidi zimebaki kiungoni, na mtu anadhani amepona.

Kupima, na kusoma majibu

Usitegemee damu ya siku ya maumivu. Wakati wa shambulio asidi inaweza kushuka na kuonekana ya kawaida, na watu wengi wameambiwa hawana gauti kwa sababu hiyo. Subiri wiki mbili au tatu baada ya kupoa, kisha pima. Omba na kreatinini siku hiyohiyo, pima na presha na sukari, kwa sababu maradhi haya hutembea pamoja.

Sasa vizio. Mara ya kwanza Baba alipimwa kwenye maabara moja ya mjini akapewa majibu: 7.9. Mwezi uliofuata akapimwa kwingine, karatasi ikasema 470. Kaka akapiga simu analia. "Imetoka nane imefika mia nne sabini, Baba anakufa." Nikamwambia anitumie picha za karatasi zote mbili. Ya kwanza pembeni imeandikwa mg/dL. Ya pili imeandikwa µmol/L. Ni namba ileile! Ya kwanza ukiizidisha kwa 60 hivi unapata ya pili: 7.9 mara 59.5 ni 470. Mzee hajapanda wala hajashuka. Tangu siku hiyo kila mgonjwa anayekuja dirishani kwangu namwonyesha kizio kwa kalamu, naizungushia duara.

Jambo la pili kwenye karatasi ni ile safu ya "kawaida". Kwa mwanaume maabara nyingi huandika mwisho wa kawaida ni 7.0, au 420 kwa kizio kile kingine. Mtu ambaye hajawahi kuugua, sawa. Lakini mwenye gauti lengo lake ni chini ya 6, yaani chini ya 360. Ukiwa na 6.9, karatasi haitaweka alama yoyote, utaambiwa uko sawa, na damu yako bado imeshiba, chembe zinaendelea kujengeka. Baba aliwahi kuambiwa hivyo. Mwenye vinundu tayari, yaani uvimbe mgumu wa asidi iliyoganda chini ya ngozi, analengwa chini zaidi, 5 au 300, ili viyeyuke haraka.

Na kwa upande mwingine: ukipima kwa bahati tu ukakuta asidi iko juu lakini hujawahi kuumwa kiungo wala kupata mawe ya figo, usikimbilie dawa. Wengi wenye asidi ya juu hawapati gauti maisha yao yote. Kunywa maji, punguza soda, angalia uzito na presha, rudia kipimo baadaye.

Nunua daftari dogo. Tarehe, namba, kizio, dozi ya dawa, siku za maumivu. La Baba lina jalada la bluu, linakaa juu ya kabati pamoja na msahafu.

Dawa inayoondoa mzizi

Alopurinoli ndiyo iliyotuvusha. Inapunguza utengenezaji wa asidi mwilini. Ilitoka mikononi mwa Gertrude Elion na George Hitchings, ikaanza kuruhusiwa Marekani kwa ajili ya gauti mwaka 1966, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ni dawa ya bei nafuu. Inamezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo hata Ramadhani haina shida, Baba humeza baada ya futari.

Siri yake ni kuanza chini na kupanda polepole. Kawaida huanza na miligramu 100 kwa siku. Kwa figo za Baba daktari alianza na nusu ya kidonge hicho. Kila baada ya wiki kadhaa tulipima na kuongeza. Daftari linasema: 470 kabla ya dawa, 432 kwa miligramu 100, 391 kwa 200, 352 kwa 300. Wako watakaohitaji zaidi ya 300, na daktari anaweza kuendelea kupandisha. Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuandikiwa 100, kubaki hapohapo miaka mitatu bila kupima, halafu kusema dawa haifanyi kazi. Dozi inafuata namba.

Mwezi wa pili wa dawa, gauti ya Baba iliamka vibaya. Majirani wakasema ni ile dawa ya binti yake. Kwa kweli kulikuwa na uhusiano, ila si waliofikiria. Asidi ikishuka kwenye damu, zile chembe za zamani zinaanza kumomonyoka kama ukuta wa udongo mvua ikinyesha, na vipande vinavyoanguka vinaamsha kiungo. Ni dalili kwamba ukuta unabomoka. Kwa sababu hiyo madaktari hutoa kolchisini kidogo au dawa nyingine ya kinga kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Usiache alopurinoli siku ya shambulio. Endelea nayo, tuliza maumivu kwa dawa zake.

Kitu kimoja tu kitakufanya uiache saa hiyohiyo: vipele. Upele wowote mpya, hasa miezi miwili ya mwanzo, vidonda mdomoni, macho kuwaka, homa, acha dawa na uende hospitali, usisubiri kesho. Ni nadra, lakini unaweza kuua. Anayetumia azathioprini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili, asipewe alopurinoli bila daktari kulijua hilo.

Halafu toa vidonge vyote vya nyumbani, viweke mezani mbele ya daktari. Dawa za presha za kukojosha hupandisha asidi. Aspirini ndogo ya moyo nayo hupandisha kidogo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia pirazinamidi asidi yake hupanda karibu kila mara, na viungo vinaweza kuuma mpaka amalize. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Baba alikuwa na kidonge cha kukojosha, daktari akambadilishia losartani, ambayo inatibu presha na kuishusha asidi kidogo. Mabadiliko hayo hayakutugharimu kitu.

Maharage hayana hatia

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Miaka minne Baba hakula maharage, kunde, choroko, njugu wala mchicha. Nyanya alizikwepa. Mtu alimwandikia orodha kwenye karatasi, ukurasa mzima, na Baba ni mtu wa kutii. Akapungua nguvu, mikono ikawa myembamba. Kwa sababu mboga hakuna, kitoweo kikawa nyama kidogo, supu, na dagaa. Na soda hakuna aliyemkataza.

Ni kweli maharage yana purini. Lakini watafiti wa Marekani waliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, wakatoa matokeo mwaka 2004, waliona hivi: waliokula nyama nyingi na vyakula vingi vya baharini walipata gauti zaidi. Waliokula mboga na jamii ya kunde zenye purini hawakuongezewa hatari. Na waliokunywa maziwa kwa wingi walipata gauti kidogo kuliko wengine. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni rehema, maana mtindi wetu hauko mbali. Baba sasa anapata bilauri ya mtindi kila asubuhi.

Vya kupunguza kweli ni maini, figo, utumbo, supu iliyochemka mifupa na makongoro kutwa, dagaa wakavu, kamba na ngisi. Supu ya pweza ya jioni ufukweni iwe ya siku mojamoja. Bia inaumiza mara mbili, ina purini zake na kileo kinazuia figo kutoa asidi. Pombe kali nayo ina madhara. Na sukari: soda, juisi za dukani, maji ya miwa. Sukari ya aina ya fruktosi ikivunjwa na ini huzalisha asidi ya yuriki. Chungwa la Muheza limenye ulile zima, juisi ya machungwa sita kwenye glasi moja iache. Kahawa chungu ya barazani haina neno, tena waliokunywa kahawa walionekana kuwa na asidi ndogo. Kashata ndiyo uiangalie.

Ndimu na ukwaju kunywa ukipenda, lakini haviyeyushi chembe zilizokwishajengeka. Magadi usinywe, hasa mwenye presha, yamejaa sodiamu.

Nakwambia ukweli kuhusu chakula: hata ukijinyima vizuri, namba hushuka kwa kama 1 tu kwenye mg/dL, yaani 60 kwenye kile kizio kingine. Mwenye 470 hatafika 360 kwa sahani peke yake. Kwa hiyo usimlaumu mzazi wako kila kidole kikiuma kwamba kala nini. Tulimlaumu Baba. Tulikuwa tukimnusa supu.

Uzito upunguzwe, lakini taratibu. Kujishindisha njaa kwa siku nyingi huipandisha asidi ghafla. Mwezi wa Ramadhani mwenye figo dhaifu amuulize daktari kwanza kuhusu kufunga. Anayefunga agawanye maji yake kati ya futari na daku, asiyaweke yote kwenye glasi moja ya mwisho. Siku za kawaida maji yawe mengi kiasi cha mkojo kuwa mweupe, isipokuwa mwenye moyo au figo aliyepimiwa maji na daktari. Idi ya kuchinja ndiyo siku ngumu kwetu. Baba anakula nyama yake, vipande viwili vitatu, maini yanakwenda kwa watoto.

Na Shangazi

Wanawake hulindwa na homoni zao mpaka hedhi ikome. Baada ya hapo figo huanza kubakiza asidi kama za wanaume, na kwa kuwa watu wanadhani gauti ni ya wanaume, hakuna anayewapima. Shangazi, yuleyule wa maji ya chumvi, alikuwa na vinundu viwili kwenye vidole vya mkono, vigumu, chini ya ngozi unaona weupe. Hakuwa akilalamika sana. Mtu mmoja alimpasulia kimoja kwa wembe akidhani ni jipu. Kilichotoka hakikuwa usaha. Kilikuwa kama chokaa iliyolowa, nyeupe, yenye chengachenga. Aliniletea kwenye kipande cha kanga nikitazame. Kile kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Vinundu hivyo ni asidi iliyoganda. Havipasuliwi nyumbani, vinayeyuka vyenyewe namba ikikaa chini muda mrefu. Cha pili cha Shangazi sasa kimebaki kama punje ya mtama.

Na kama baba yako na shangazi yako wanayo, pima na wewe. Mimi nimepima, kaka amepima. Kaka ana 7.2, haumwi popote, hatumii dawa. Ameacha soda na anarudia kipimo kila mwaka.

Baba alimaliza kupandisha dozi mwaka juzi. Tangu hapo anapima kila miezi sita. Mwezi uliopita nilimtoa damu mwenyewe, nikaiendesha mashine nikiwa nimesimama, majibu yakatoka 338. Nilipomfikishia karatasi nyumbani alitafuta kwanza kizio pembeni, akakizungushia duara, akafungua daftari la bluu akaandika namba kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Kisha akauliza kama kunde za jikoni zimeiva.